Mkono Uliochelewa Kuachia

1

Mzee Mrindoko aliingia chumba cha vipimo akiwa ameshikwa mkono na mwanamke asiye mkewe, na jambo hilo peke yake lingetosha kukichangamsha kijiji cha Ndivani wiki mbili nzima. Dirishani vilikuwa vimeshajipanga vichwa vitatu. Namsifu, mpima wa kituo, alivuta pazia, akageuka, ndipo akaona kwamba yule mwanamke ni Nakijwa, mke wa mdogo wake mwenyewe, na kwamba alikuwa analia.

"Mama mpima, tusaidie," alisema Mrindoko. "Nimempa mkono wa pole na kazi, basi, ndiyo imekuwa hivyo. Haniachi! Tumeshuka kutoka kituo cha juu namna hii hii, ngazi mia nne, kama bwana harusi na bibi harusi. Mke wangu akisikia, leo nalala kwa mbuzi."

Alikuwa anatania, lakini jasho lilimchuruzika na vidole vyake viwili vilikuwa vimegeuka rangi ya zambarau.

"Wifi, hautaki," Nakijwa alisema. "Nauambia achia, hautaki."

"Usiulazimishe. Kaeni chini wote wawili."

Tangu mvua zile kubwa zilipoifuta barabara, tangawizi yote ya milima ya Upare ilishuka kwa mabega ya watu, na mabega yenyewe yalikuwa ya kupandwa. Kampuni ya Mabega ilikuza msuli maabara, ikaushona juu ya msuli wa kuzaliwa nao, kuanzia shingoni hadi kwenye vidole, na mpagazi aliyeshonewa aliweza kubeba kilo mia mbili na bado akapiga soga njiani. Nakijwa, binti mwembamba aliyeolewa na nguo zake zikitosha kwenye begi moja, sasa alikuwa na mikono ambayo wanaume waliitazama kwa heshima. Alikuwa mmoja wa wapagazi bora wa mlima ule, na alijua.

Namsifu aliingiza sindano ya kupimia kwenye kiganja cha mkono ule, pale mshono ulipokuwa laini, akasubiri. Skrini ikaandika kumi na mbili. Ilitakiwa iandike saba.

Alishika kifaa kidogo kilichofukiwa chini ya mtulinga wa Nakijwa, ambacho wapagazi wenyewe walikiita kibuyu kwa sababu kilidondosha dawa tone kwa tone, akakigusisha ufunguo wake na kubonyeza mara tatu kukisimamisha kwa muda. Dakika ikapita. Kidole gumba kikalegea, kikafuata cha shahada, halafu vingine vyote kwa pamoja. Mrindoko akauchomoa mkono wake, akautazama huku na huku kama anayekagua sufuria iliyorudi kutoka kwa jirani.

"Kimoja kimevunjika," alisema. "Hiki hapa. Basi, Nakijwa, usilie. Nimewahi kushikwa vibaya zaidi kanisani."

2

Namsifu alikuwa amewafundisha wapagazi jambo hili miaka kumi, na alilifundisha kwa kamba. Alifunga kamba kwenye boriti, akaishika kwa mkono mmoja juu ya mwingine, akawauliza: ninapopanda, kazi ngumu iko wapi? Wote walisema kushika. Hapo alifurahi, kwa sababu alipenda watu wakikosea kwa sauti.

Kila uzi wa msuli una mamilioni ya protini zenye vichwa, na kila kichwa kinafanya kama mkono wa mpanda kamba: kinashika, kinavuta, kinaachia, kinashika mbele zaidi. Kushika hakuhitaji nishati yoyote. Kichwa kikiachwa peke yake hung'ang'ania kamba mpaka mwisho wa dunia, ndiyo maana maiti hukakamaa. Nishati huhitajika ili kiachie. Ile molekuli ya nishati iitwayo ATP ikiingia kichwani, kichwa kinabanduka, kisha ATP inavunjika na kukiandaa kwa mvuto mwingine.

Na ATP haiji peke yake. Huja imeshikana na chembe ya magnesiamu, na bila chembe hiyo haivunjiki vizuri wala haileti nguvu ya maana. Lakini magnesiamu hiyo hiyo ina tabia ya pili. ATP ikishavunjika, masalio yake hubaki ndani ya kichwa, na mpaka yatoke hakuna ATP mpya inayopata nafasi. Magnesiamu iliyo huru ikizidi, masalio yanachelewa kutoka na kichwa kinachelewa kuachia. Ikipungua, masalio yanatoka mbio na kichwa kinaachia kabla ya wakati wake.

Msuli wa kuzaliwa nao hauyumbishwi na mambo haya kirahisi, maana mwili unaichunga magnesiamu yake kwa wivu. Ule wa kupandwa ulitengenezwa makusudi uwe msikivu kupita kiasi, ili mtu wa nje aweze kuupangia kasi kwa ufunguo, kwa kuongeza au kupunguza magnesiamu iliyodondoshwa na kibuyu. Kampuni iliita jambo hilo usalama. Namsifu, ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo, aliliita kazi yake.

Kwa hiyo alipoona kumi na mbili, alijua kilichomkuta Nakijwa. Swali lilikuwa ni wapi magnesiamu yote ile ilipotoka. Na jibu, Mungu amsamehe, alikuwa nalo kabla hata ya kuichomoa sindano. Kwenye pembe ya mdomo wa wifi yake palikuwa na vumbi jeupe. Kwenye pindo la kanga palikuwa na kifundo kidogo kigumu. Na kanga yenyewe ilikuwa imefungwa juu kidogo kuliko zamani.

Juu ya ndiva, bwawa la kumwagilia lililojengwa kwa mawe na mababu zao, kulikuwa na ukingo mweupe ambao wanawake wa Ndivani walichimba udongo wa kula tangu enzi na enzi. Waliukata vipande vya ukubwa wa kidole, wakauchoma jikoni, wakautafuna wakiwa wajawazito. Namsifu mwenyewe aliutafuna alipokuwa na mimba ya mwanawe, na mpaka leo mvua ya kwanza ikigonga vumbi mate humjaa mdomoni. Alijua pia, kwa kuwa alisomea, kwamba mlima ule ni mweupe kwa sababu umejaa magnesiamu.

Angeuliza swali moja tu. Hakuuliza.

Nakijwa alikuwa ameolewa miaka sita. Mimba mbili zilishatoka, zote baada ya watu kuanza kupongeza. Katika familia ile mimba changa haikutajwa kwa mdomo. Mama mkwe ndiye aliyeitangaza siku aliyoona inafaa, na wifi aliyewahi kuuliza alionekana ana kijicho. Isitoshe, kanuni ya Kampuni ilikuwa wazi: mpagazi mwenye mimba aliyejulikana kituoni aliandikwa, na aliyeandikwa alifungiwa kibuyu. Namsifu akikosa kujua, hakuwa na cha kuandika. Aliona kutokujua ndiyo zawadi pekee aliyoweza kumpa.

"Nitakipunguza kibuyu chako," alisema. "Kishuke mpaka kipimo kirudi saba. Rudi baada ya majuma mawili."

"Ni ugonjwa, wifi?"

"Si ugonjwa."

Wakatazamana. Nakijwa akashika pindo la kanga, akakificha kile kifundo kiganjani, akashukuru na kutoka.

3

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, wapagazi walikuwa wakishusha makreti ya tangawizi kwenye jabali liitwalo Kizungu, mahali ambapo hata ngazi ziliishia. Mtu mmoja alisimama juu akiachia kamba pole pole, mwingine chini akipokea. Juu alikuwepo Nakijwa. Chini alikuwepo mzee Mrindoko, kidole chake kikiwa na bandeji, amekataa katakata kupumzika kwa sababu, alisema, tangawizi haipokelewi kwa kidole kimoja.

Walioshuhudia walisema Nakijwa hakuteleza, hakusahau, wala hakutazama pembeni. Alikuwa ameishika kamba barabara. Ghafla mikono yote miwili ilifunguka yenyewe, akabaki anaitazama. Akaidaka kamba tena, ikamponyoka tena. Alipiga kelele, na kelele ile ndiyo iliyomwokoa Mrindoko kichwa, kwa kuwa aliruka. Kreti likamkuta mguu wa kushoto, likauvunja mara mbili chini ya goti.

Namsifu alifika anahema. Alimkuta Mrindoko amelazwa juu ya magunia, uso umekuwa wa majivu, anamwambia kila mtu asimguse. Nakijwa alikuwa amekaa mbali na wenzake, mikono ameikalia, kana kwamba ingetoroka na kufanya jambo jingine.

Alimpima hapo hapo. Skrini ikaandika tatu.

Tatu! Yeye alikipunguza kibuyu kiasi cha kushusha kumi na mbili mpaka saba. Kwa hiyo kuna mkono mwingine uliokuwa umepunguza pia, kwa wakati ule ule.

4

Mama yake Namsifu, Bi Nakiete, alikuwa anachambua maharage ya kande kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Udongo niliuchukua mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Siku ile ile alipomvunja mzee wa watu kidole. Nilimwona anarudi analia, nikajua ni ule udongo, maana nilikuwa namchomea mwenyewe na niliona anauzidisha. Nikaingia chumbani kwake, nikakusanya wote, nikaurudisha mlimani. Sikumwambia kwa nini. Yeye naye hakuuliza."

Namsifu alikaa kwenye kigoda. Nakijwa alikuwa mlangoni, amejiegemeza, macho yake mekundu.

"Mama," Namsifu alisema, "siku ile ile mimi nilipunguza kibuyu. Nilipunguza kwa hesabu ya mtu anayeendelea kula udongo."

Punje moja ya maharage ilidondoka kutoka mkononi mwa Bi Nakiete, ikabiringika mpaka mlangoni, hakuna aliyeiokota.

"Kwa hiyo na wewe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nawe hukusema, mama."

"Mimi ni mama mkwe! Ningesemaje kabla ya mwezi wa sita? Zile mbili zilizotoka hukuziona?"

Nakijwa aliongea mara ya kwanza tangu waingie. "Wifi, ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Nisingekujibu," alisema. "Lakini ungeniuliza."

Namsifu aliona aibu, aibu ya mtu mzima. Walikuwa wanawake watatu wanaopendana, kila mmoja alikuwa amefanya jambo jema kimya kimya, na matokeo yake mzee wa watu amelala juu ya magunia.

5

Mchunguzi wa Kampuni alifika kesho yake. Aliitwa Shafii, kijana mpole aliyevua viatu mlangoni na kumwamkia shikamoo, na Namsifu akatamani angekuwa jeuri, ingemrahisishia mambo. Aliweka fomu mezani. Ilikuwa na maneno mengi, lakini yote yalielekea kwenye nafasi moja iliyoandikwa Chanzo, na chini yake majina matatu ya kuchagua: mpagazi, kifaa, mpima.

"Kifaa nimeshakikagua, kipo sawa," Shafii alisema. "Na kumbukumbu zako, Bi Namsifu, ni safi. Ulikuta kumi na mbili, ukapunguza kwa kiwango kile kile kinachoelekezwa kitabuni. Hakuna mtu atakayekulaumu. Mpagazi ndiye aliyekula kitu ambacho hakikuruhusiwa, akaacha kukila bila kutoa taarifa, na naambiwa ana mimba aliyoificha. Weka alama hapa, kamati inakaa kesho saa tatu, tunamaliza."

"Akiandikwa yeye, inakuwaje?"

"Kanuni. Anafungiwa."

Namsifu alijua kufungiwa ni nini, kwa sababu aliwahi kumfungia mtu. Ule msuli wa kupandwa unanyimwa nishati, na msuli ukinyimwa nishati haulegei. Vichwa vyote hushika kamba na kubaki vimeshika. Mikono inakaza palepale ilipo, inakuwa kama mbao, na mwenye nayo analishwa na kuogeshwa muda wa wiki sita mpaka daktari aanze kuukata ule msuli kipande kwa kipande. Dawa za usingizi za upasuaji ule hazikuwahi kujaribiwa kwa mwenye mimba. Kampuni ilisema hivyo yenyewe, kwa herufi ndogo.

"Na akiandikwa mpima?"

Shafii akamtazama kwa mshangao, halafu kwa huruma. "Leseni inarudi kwetu. Kosa likiwa la mpima, mpagazi haandikwi hata akiwa na mimba; anabaki na mikono yake mpaka ajifungue, ila hapandi jabali. Lakini kwa nini uandikwe wewe? Hesabu ilikuwa sahihi."

"Na kituo?"

"Kituo kitapimwa kutoka mjini. Sindano inapima yenyewe, namba zinakuja kwetu, tunarekebisha vibuyu kwa mbali. Kusema kweli ndiko tunakoelekea."

Hapo ndipo palipomuuma. Wapagazi wanawake wa Ndivani walikuwa kumi na tisa, na Namsifu, kwa macho tu, angeweza kutaja wawili wengine waliofunga kanga juu. Akibaki kazini angewachunga, sasa kwa kuwa ameshajifunza. Akiondoka, watachungwa na namba. Na mtu anayesoma namba akiwa mjini atakuta kumi na mbili, atapunguza kwa kiwango cha kitabuni, na hatakuwa hata na vumbi jeupe la kumpa mashaka. Kumtoa Nakijwa mmoja ili awalinde kumi na wanane, hiyo nayo ni hesabu, na haikuwa ya mtu mwovu. Aliizungusha kichwani mchana kutwa, na kila alipoizungusha ilionekana nzuri zaidi, mpaka akaanza kuiogopa.

Jioni Nakijwa alimfuata bustanini, akasimama nyuma yake kati ya mistari ya tangawizi.

"Niandike mimi," alisema. "Nimesikia walivyokuambia. Wewe ukitoka, wenzangu watabaki na nani? Mikono ni mikono tu. Nilizaliwa bila hii."

"Na mtoto?"

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kati yao. Nakijwa alishtuka kana kwamba mtu amepiga mlango teke. Aliinama, akang'oa jani la tangawizi, akaliviringa vidoleni.

"Huyo usimtaje, wifi," alisema. "Tafadhali."

Namsifu akamwacha aende, na chakula cha jioni kikampita.

6

Kamati ilikaa kwenye ghala la tangawizi, maana ndipo mahali pekee penye viti vya kutosha. Wanakijiji walijaa mpaka nje. Shafii alisoma maelezo kwa sauti iliyonyooka: kipimo cha kwanza, marekebisho, kipimo cha pili, udongo. Alipofika kwenye udongo, wanawake wengi walitazama miguu yao.

"Kwa hiyo chanzo ni mpagazi," alimalizia. "Mpima atathibitisha."

"Ngoja kidogo," sauti ilisema kutoka chini.

Alikuwa mzee Mrindoko, ameletwa kwa machela na kulazwa mbele ya viti, mguu umefungwa mbao mbili. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu, na utani wake wote alikuwa ameuacha nyumbani.

"Aliyevunjika ni mimi," alisema. "Mbona mimi haniulizi mtu? Nimemsikiliza huyu kijana, anasema nani alikula nini, namba ngapi. Mimi nataka jambo moja. Nilisimama chini ya lile kreti asubuhi ile. Kati ya watu wote waliopo hapa, kuna aliyekuwa anajua kwamba ile mikono si ya kuaminika? Kama hakuna, basi, ni bahati mbaya, nitalala na mguu wangu. Kama yupo, aniambie usoni."

Nyuma kabisa mtoto mchanga alikohoa.

Namsifu alikuwa ameamka bado hajaamua. Baadaye watu walimsifia kwamba alipanga kila neno, naye hakuwa na nguvu ya kuwakatalia, lakini ukweli ni kwamba alisimama kwa sababu alikuwa anaitazama ile miguu miwili ya Mrindoko, mmoja una kiatu na mwingine hauna.

"Nilijua mimi," alisema.

"Bi Namsifu," Shafii aliingilia upesi, "ulidhani. Kudhani si kujua."

"Nilijua. Niliona udongo mdomoni, niliona kanga. Nilijua udongo ule una nini, mimi ndiye ninayewafundisha hawa. Nilipunguza kibuyu kwa kumtegemea aendelee kula kitu ambacho sikutaka kumuuliza kama anakula. Ningeuliza, angeninyima jibu, ningejua nisimpunguzie siku hiyo, ningemkataza jabali. Sikuuliza kwa sababu ni wifi yangu na nilitaka abaki na mikono yake, na mimi nibaki sijui kitu. Mzee Mrindoko, ni mimi. Nisamehe."

Mrindoko alijiinua kidogo kwenye machela ili amwone vizuri.

"Siku ile ya kidole," alisema, "na mimi niliuona ule udongo. Nikasema moyoni, haya, huyo anatafuta mtoto, yasinihusu." Akavuta pumzi. "Sijakusamehe bado. Mguu unauma mno. Lakini asante kwa kuniambia."

Nakijwa alikuwa amesimama ukutani, mdomo wazi. Bi Nakiete alijifunika uso kwa upande wa mtandio. Namsifu alikwenda mezani, akachukua kalamu, akaweka alama kwenye neno la tatu. Kisha akavua ufunguo shingoni, ambako ulikuwa umekaa miaka kumi mpaka ukaacha alama nyeusi ya mviringo, akauweka juu ya fomu. Alikuwa amefikiri utakuwa mwepesi kuuweka. Vidole vilibaki juu yake, na ilimbidi avitoe kimoja kimoja.

"Niandikie jambo moja pembeni," alimwambia Shafii. "Huko mjini mtakapokuwa mnasoma namba, kabla hamjapunguza, mwulizeni mtu anakula nini."

"Fomu haina nafasi hiyo," Shafii alisema kwa unyonge.

"Naona. Ndiyo maana nimesema pembeni."

Akaandika. Kama iliwahi kusomwa huko mjini, Namsifu hakujua kamwe.

7

Sindano mpya zilifika baada ya siku kumi, zikafungwa ukutani, na chumba cha vipimo kikawa kinajifungua na kujifunga chenyewe. Namsifu alikuwa anapalilia tangawizi ya mama yake, mikono ina malengelenge, maana yake ilikuwa ya kuzaliwa nayo na haikuzoea jembe. Usiku alilala mapema na kwa hasira.

Asubuhi ya kwanza ya mwezi uliofuata alikuwa jikoni anapuliza moto wa kande, Nakijwa akaingia. Alikuwa ametoka kuwekwa sindano ya ukutani. Tumbo sasa lilionekana, na hakulificha. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya Namsifu, akamnyooshea mkono wa kulia.

"Nimepimwa," alisema. "Imeandika nane. Ikapunguza yenyewe kidogo. Haikuniuliza chochote."

Namsifu aliutazama ule mkono mpana. Nje, kwenye baraza, alisikia watu wengine wakikohoa na kusogeza viti. Alichungulia. Walikuwa wapagazi wanawake, watano au sita, wamekaa kwenye ukingo wa baraza na mizigo yao chini, wale wawili waliofunga kanga juu wakiwa wa kwanza. Bi Nakiete alikuwa anawagawia uji, amenuna ili asionekane amefurahi.

"Mimi sina ufunguo," Namsifu alisema.

"Hatukuja kwa ufunguo."

Basi akakaa. Akafuta mikono kwenye kanga, akaushika mkono wa wifi yake kama watu wanavyosalimiana, na moyo wake ulikuwa unadunda kuliko siku ya kamati.

"Wifi," alisema, "una mimba?"

Nakijwa alifumba macho.

"Ninayo," alisema. "Miezi mitano na wiki moja."

"Unakula udongo?"

"Kipande kimoja asubuhi. Cha ukubwa wa kidole hiki. Jana nilikula viwili."

"Jabalini bado huendi. Beba kwenye ngazi tu. Na kipande ni kimoja, kesho na keshokutwa, usizidishe wala usiache. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Nishike kwa nguvu."

Ule mkono ukamkaza. Namsifu alihisi mifupa yake ikisogeleana, akauma meno, akahesabu mpaka tano.

"Achia."

Alihesabu tena, kimoyomoyo. Moja. Mbili. Vidole vya Nakijwa vilifunguka vyote kwa pamoja, vyepesi, kwa wakati wake, kiganja kikabaki wazi kati yao. Nakijwa akacheka kwa furaha, akafanya kusimama ili mwenzake wa barazani aingie.

Hakuweza kusimama. Alitazama chini, akaona kwamba wifi yake alikuwa bado amemshika.